Data ya Shimo Jeusi Ilitua Malindi, Sisi Tukatazama Sahani

Leo naomba tuweke kando msimbo wa kazini na mambo ya simu mpya. Nataka kuwapeleka mbali, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 60, halafu niwarudishe Malindi. Nina hoja ya kuchokoza kidogo, hasa kwa watengenezaji wa programu wenzangu, lakini kwanza ni lazima mwijue galaksi yenyewe. Mkinivumilia hapo katikati kwenye fizikia, hoja itaeleweka.

Galaksi hii inaitwa NGC 1365. Iko kwenye kundinyota la Fornax, yaani Tanuri, upande wa kusini wa anga. Wazungu wa kaskazini wanaipata kwa taabu kwa sababu kwao iko chini sana, karibu na upeo wa macho au chini yake kabisa. Sisi hatuna shida hiyo. Ukiwa Nairobi usiku wa Desemba, mnamo saa nne, inasimama upande wa kusini kwa nyuzi kama 55 kutoka ardhini. Kwa macho matupu hutaiona. Kwa darubini ya wastani na giza la kweli (siyo giza la Nairobi, nenda hata Magadi) utaona kama moshi mdogo. Huo moshi ndio aliouona James Dunlop mwaka wa 1826 akiwa Parramatta, Australia, alipokuwa akiorodhesha vitu vya anga ya kusini.

Picha za darubini kubwa ndizo zinazoonyesha kwa nini watu wa fani wameipenda. Baadhi ya galaksi zilizo na mikono iliyojikunja huwa na kitovu cha mviringo, na mikono inaanzia pale. NGC 1365 haiko hivyo. Katikati yake umepita upau mrefu ulionyooka, na mikono miwili mikubwa inaanzia kwenye ncha za upau huo, ikapinda kama herufi S au Z. (Upau, ndiyo. Neno lile lile tunalotumia tukitafsiri programu, upau wa zana. Hapa lina kazi nzuri zaidi.) Kutoka mwisho wa mkono mmoja hadi mwisho wa mwingine ni miaka ya nuru kama 200,000. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, nayo ina upau, ila sisi tumo ndani yake na hatuwezi kutoka nje tuitazame. Kwa hiyo tukitaka kujua upau hufanya nini, inabidi tuangalie za wenzetu.

Na upau hufanya nini? Hili ndilo swali zuri. Fikiria mzunguko wa barabara wenye magari mengi. Gari likizunguka kwa mwendo wake halifiki katikati hata siku moja, litaendelea kuzunguka tu. Ili lifike katikati lazima lipoteze mwendo. Gesi ndani ya galaksi ni vivyo hivyo. Upau unazunguka ukiwa umenyooka, na uvutano wake unaivuruga gesi, mawingu yanagongana kwenye mistari myeusi ya vumbi inayoonekana kando ya upau, yanapoteza mwendo wa kuzunguka, kisha yanateremka kuelekea katikati. Yakifika karibu yanajikusanya kwenye pete, na ndani ya pete hiyo nyota mpya zinazaliwa kwa wingi. Ncha za upau wenyewe zinachukua miaka milioni 350 hivi kumaliza mzunguko mmoja. Kwa hiyo upau ni mfereji. Unachota gesi mbali na kuipeleka jikoni.

Darubini ya Webb iliipiga picha kwa miale ya infraredi, na picha hizo zilitolewa Februari 2023 pamoja na za galaksi nyingine za mradi wa PHANGS. Vumbi lililokuwa likificha katikati liligeuka kuwa taa, na makundi ya nyota changa yaliyojificha pale ndani yakaonekana. Tena, Novemba 2023 jarida la Nature lilichapisha habari za galaksi iitwayo ceers-2112, yenye upau wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka bilioni 2.1 tu. Kabla ya hapo wengi walidhani pau huchukua muda mrefu zaidi kujijenga. Mambo haya bado yanaandikwa upya, msifikiri yalishafungwa vitabuni.

NGC 1365 pia ni galaksi ya kulipuka lipuka. Nyota zimeonekana zikilipuka humo mwaka wa 1957, 1983, 2001 na 2012. Ile ya 2012, SN 2012fr, ilikuwa ya aina ambayo wanaastronomia huitumia kupimia umbali, na galaksi hii tayari ilikuwa imepimwa umbali wake kwa njia nyingine, kwa nyota zinazobadilika mwanga, na darubini ya Hubble katika miaka ya tisini. Njia mbili za kupima kitu kimoja. Programa yeyote anajua thamani ya hilo.

Sasa twende jikoni kwenyewe.

Katikati kabisa ya NGC 1365 kuna shimo jeusi lenye uzito wa takriban majua milioni 2. Gesi inayoletwa na upau, ile kidogo inayofaulu kuipita pete, inazunguka shimo hilo kama sahani, inapata joto la ajabu, na pale karibu kabisa na shimo eksirei zinatoka. Eksirei hizo haziwezi kupita hewa yetu, kwa hiyo darubini yake lazima iwe angani.

Aprili 2006 darubini ya Chandra iliitazama galaksi hii mara sita ndani ya wiki mbili. Mara tano eksirei kali za katikati zilionekana. Mara moja hazikuonekana. Wingu lilikuwa limepita mbele, likafanya kupatwa, kama mwezi unavyolipita jua. Kwa kuwa wingu lilificha na kufichua ndani ya siku chache tu, watafiti waliweza kukadiria ukubwa wa sahani ile: kama mara 7 ya umbali wa dunia na jua. Hebu tulia hapo. Kitu kidogo kiasi hicho, kwa umbali wa miaka ya nuru milioni 60! Hakuna darubini iliyoweza kukipiga picha. Kilipimwa kwa saa, kwa kuangalia ni lini mwanga ulizima na ni lini uliwaka. Napenda sana kazi ya namna hii kuliko picha zote za rangi.

Lakini swali kubwa lilikuwa jingine: je, shimo lenyewe linazunguka? Shimo jeusi lina sifa chache mno, na mzunguko ni mojawapo. Unaupimaje?

Unatumia chuma. Eksirei zikiipiga sahani ya gesi, atomi za chuma zilizomo zinajibu kwa nuru yenye nishati ya 6.4 keV. Kama gesi ingekuwa imetulia mbali, ungeona mstari mwembamba pale 6.4. Lakini gesi iliyo karibu na shimo inakimbia kwa kasi ya kutisha, na uvutano unaivuta nuru inapotoka na kuipunguzia nishati. Matokeo yake mstari unatandazika na kuota mkia mrefu kuelekea nishati za chini. Kadiri sahani inavyolikaribia shimo, ndivyo mkia unavyorefuka. Na sahani haiwezi kukaribia itakavyo. Shimo lisilozunguka linairuhusu gesi kuzunguka salama hadi kipimo cha 6, ambapo kipimo 1 kwa shimo hili ni kama kilomita milioni 3. Shimo linalozunguka kwa kasi ya juu kabisa linairuhusu kufika karibu na kipimo 1. Kwa hiyo: pima mkia, upate ukingo wa ndani wa sahani, upate mzunguko.

Safi kabisa, ila kulikuwa na tatizo. Mkia uleule unaweza kutengenezwa na mawingu yanayopita mbele na kumeza sehemu ya eksirei, na tumeshaona kwamba galaksi hii ina mawingu. Darubini za wakati ule, kama XMM-Newton ya Ulaya, zilikuwa zinaona hadi karibu keV 10 tu, na katika eneo hilo maelezo yote mawili yalitoa mchoro uleule. Hali hii unaijua. Una programu mbili tofauti zinazotoa jibu moja kwa kila jaribio ulilonalo. Kubishana hakusaidii. Tafuta jaribio ambalo majibu yatatofautiana.

Jaribio hilo lilikuwa NuSTAR, setilaiti ya NASA iliyorushwa Juni 13, 2012, inayoona kuanzia keV 3 hadi 79. Mwezi mmoja baadaye, Julai 2012, iliigeukia NGC 1365 wakati mmoja na XMM-Newton. Matokeo yalichapishwa kwenye Nature mwishoni mwa Februari 2013, mwandishi wa kwanza akiwa Guido Risaliti: juu ya keV 10, mawingu peke yake hayakutosha kueleza kilichoonekana. Shimo linazunguka, na kwa kasi isiyopungua asilimia 84 ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa na nadharia ya Einstein.

Na hapa ndipo Kenya inaingia, ndugu zangu. NuSTAR inazunguka dunia karibu na ikweta, kwa mwinamo wa nyuzi 6 tu, ili iepuke eneo lenye chembechembe nyingi za mionzi juu ya Atlantiki Kusini. Setilaiti ya namna hiyo haipiti kamwe juu ya Marekani. Inahitaji mtu wa ikweta wa kuipokea. Kituo chake kikuu cha kupokea data kikawa kile cha Shirika la Anga la Italia, pale Malindi. Setilaiti inapita juu ya Pwani yetu, inamwaga data kwenye sahani ya antena, data inasafirishwa hadi Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako setilaiti inaendeshwa, na kutoka huko inakwenda kwa wanasayansi.

Siyo mara ya kwanza. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa ilirushwa siku ya Jamhuri yetu, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo, jina la Kiswahili, liko kwenye vitabu vyote vya fani hiyo. Ilipata vyanzo zaidi ya 300 vya eksirei. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Unaweza kusema bila kutia chumvi kwamba astronomia ya eksirei ilikua ikitokea kwenye maji ya Malindi.

Sisi tulitoa nini? Eneo na jina.

Kila mara habari za Malindi zinapotokea, mjadala wetu unakuwa uleule: kodi ya ardhi ni kiasi gani, Waitaliano wanatulipa vizuri au wanatupunja, na sisi tutarusha roketi yetu lini. Haya ni maswali halali, siyapingi. Mkataba mzuri ni mkataba mzuri. Aprili 2023 tulishangilia Taifa-1, setilaiti yetu iliyorushwa kutoka California, na mimi nilishangilia pia. Lakini naona tumeshika upande mmoja tu wa jambo. Tunatazama chuma: antena, jukwaa, roketi. Hakuna anayeuliza kuhusu data. Na data ndiyo sehemu pekee ya shughuli hii yote ambayo hatuhitaji ruhusa ya mtu, mkataba wala bajeti ya serikali kuigusa.

Nasema hivi kwa sababu data ya NGC 1365 iko wazi. Ile ya Julai 2012 na zile zilizofuata, zote ziko kwenye hifadhi ya NASA iitwayo HEASARC, bure, bila kuomba. Za XMM-Newton ziko kwenye hifadhi ya shirika la anga la Ulaya. Programu za kuzichambua ni huria na zinafanya kazi kwenye Linux. Na ukilifungua faili la NuSTAR utacheka, maana halina picha ndani yake. Ni jedwali. Kila safu ni fotoni moja: ilifika saa ngapi, ilitua wapi, na chaneli gani ya nishati. Unataka keV? Chukua nambari ya chaneli, zidisha kwa 0.04, ongeza 1.6. Basi. Mtu anayeshinda ofisini akichambua kumbukumbu za miamala ya simu ameshafanya kazi ngumu kuliko kufungua faili hili.

Usifikiri pia kwamba kila kitu kilishaamuliwa na wenye akili. Mwaka uleule wa 2013, Lance Miller na Jane Turner walichapisha makala wakisema data ya NuSTAR inaweza kuelezwa kwa nuru iliyotawanywa na gesi nzito, bila kuhitaji mzunguko wa shimo hata kidogo. Mwaka wa 2014 kundi lililoongozwa na Dominic Walton likarudi na uchunguzi 4 mirefu wa galaksi hiyohiyo, kila mmoja ukiwa na kiasi tofauti cha mawingu mbele, likaonyesha kwamba mawingu yanabadilika sana lakini alama ya sahani ya ndani inabaki ileile. Mimi naona hoja hii ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu imebadilisha kitu kimoja na kuangalia kama kingine kinabadilika nacho. Wewe unaweza kuona tofauti. Lakini ili uone tofauti kwa haki, lazima ulifungue jedwali. Ugomvi wote huo ulipiganwa na watu waliokaa mbele ya tarakilishi wakisoma safu zilezile. Hakuna aliyekuwa na darubini yake nyuma ya nyumba.

Najua jibu mtakalonipa. Itanilipa nini? Kodi ya nyumba haingoji shimo jeusi. Sawa. Siwezi kukudanganya kwamba kuna kampuni mjini inayotafuta mtaalamu wa mstari wa chuma wa keV 6.4. Lakini angalieni kazi yenyewe. Una fotoni chache na kelele nyingi. Una modeli mbili zinazofanana. Unatakiwa useme ni ipi unaiamini, kwa kiasi gani, na ni data gani ingekufanya ubadili mawazo. Waajiri wetu siku hizi wanalilia watu wa data, halafu tunawafundisha vijana kwa majedwali yaleyale ya abiria wa Titanic, ambayo majibu yake yako kila mahali mtandaoni. Mwanafunzi wa Kilifi akifundishwa takwimu kwa fotoni zilizoteremka kwenye antena anayoweza kuifikia kwa bodaboda, na swali ambalo maprofesa wenyewe wamegombania, atajifunza zaidi. Na atajua kwamba kile kituo pale Ngomeni siyo mali ya Waitaliano na wanajeshi tu.

Wengine watasema hili ni jukumu la vyuo vikuu, au la Wakala wa Anga wa Kenya ulioundwa 2017. Ningependa wafanye, na kama kuna mhadhiri anayesoma hapa, somo moja la muhula linatosha kuanza. Lakini tangu lini sisi watu wa programu tukangoja wizara? Intaneti yetu ilikuwa ghali na ya kinyonga kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka wa 2009, na hata wakati huo watu walikuwa wakipakua Linux usiku kucha kwenye saiba. Leo mtu anapakua filamu nzima akiwa ndani ya matatu, halafu ananiambia faili la galaksi ni kubwa.

Ninachopendekeza ni kidogo sana. Vikundi vyetu vya wikendi, vile vya Python na vya programu huria, vichukue uchunguzi mmoja wa NGC 1365. Wiki ya kwanza: pakueni, chorni idadi ya fotoni kwa kila dakika, mwone jinsi mwanga unavyopanda na kushuka. Msishtuke mkiona mapengo kila baada ya muda. Ni dunia inaziba setilaiti inapozunguka, kwa dakika 95 hivi kila mzunguko. Wiki ya pili: choreni fotoni kwa nishati, mtafute kile kinundu karibu na 6.4 na kile kilima kikubwa kinachoanza juu ya 10. Hapo tayari mmeona kwa macho yenu kitu ambacho ugomvi wa 2013 ulikihusu. Wiki ya tatu wale wenye moyo waanze modeli, na hapo ndipo mtaanza kugombana, ambalo ndilo jambo ninalolitaka.

Toleo lijalo nitaweka msimbo mfupi wa kufungulia faili hilo. Nina ombi pia kwa wapenzi wa lugha: natafuta neno zuri la Kiswahili la ule mchoro wa fotoni kwa nishati. Wengi wanaandika spektra, na mimi sina ugomvi nalo, lakini kama babu zetu waliopimia nyota njia ya jahazi walikuwa na neno la kutenganisha nuru, naomba mlilete hapo chini kwenye maoni.